Muhuri wa Mbuzi Wawili

Kwa mambo ya rangi hakuna kinachoweza kunishtua. Nimepaka nusu ya maduka ya Machakos bila cheti. Kwa kadi za mwaliko wa ntheo ya binti yangu, siku ya kuletewa mbuzi wa mahari, nilichonga muhuri wa mpira wenye mbuzi wawili. Yeye alichanganya wino. Mimi nikataka akriliki.

"Baba, hiyo hukauka haraka. Uoshe muhuri kila mara."

"Wewe utanifundisha rangi?"

Nikapiga muhuri kadi tatu, nikatoka nje kumpigia simu ndugu yangu wa Katangi kujisifu. Niliporudi, rangi ilikuwa imeganda kwenye michongo. Mbuzi wakatoka kama doa moja. Binti aliagiza kadi za duka, na yangu nikaletewa kama mgeni yeyote. Bado nilizilipia mimi: shilingi elfu sita mia nne hamsini.