Marumaru za Wageni

Nyumba yetu iko mlimani, juu ya mawe, na dirisha la sebule ndilo pekee linaloona ziwa. Baba aliimwaga sakafu ya sebule ile kwa mikono yake, akaipiga niru nyekundu, ile saruji laini ya juu, akaweka kiti chake pale dirishani. Alikuwa fundi wa injini kwenye kivuko cha Kamanga mpaka alipostaafu. Baada ya hapo kila asubuhi alikaa akikitazama kikiondoka, na kutangazia nyumba nzima kwamba kimechelewa. Kikiwahi alinyamaza, kama mtu aliyedhulumiwa.

Mama alikuwa ameshatutoka, kwa hiyo baba alipougua na hospitali wakaturudisha, nilibaki naye mimi. Daktari alisema tumpeleke nyumbani tukampe anachopenda. Anachopenda nilikijua. Kila asubuhi nilimbeba kutoka chumbani nikamweka kitini, mtu mzima aliyekuwa akiinua vyuma, sasa mwepesi mpaka unaogopa kumshika. Chumbani kwake hapakuwa na cha kutazama, maana dirisha la kule linatazamana na jiwe, jiwe lenyewe kubwa kuliko nyumba.

Basi kaka yangu mkubwa akaja kutoka Dar. Alilia mlangoni kwa baba, alilia kweli, sitamsingizia. Kisha akaenda sebuleni akaangalia chini. Niru ilikuwa imepasuka, na karibu na mlango imebomoka kabisa, mguu unaingia. Akaniambia sakafu hii haifai, tuweke marumaru haraka, watu watakuja.

Sikumuuliza watu gani. Kwetu mgonjwa akifika hapo ndipo nyumba inapopakwa rangi, choo kinajengwa, uwanja unasawazishwa. Majirani wakiona mchanga umemwagwa getini wanainamisha macho, wameshaelewa. Yote hayo mtu bado anapumua ndani! Na atakayefanya hivyo anasifiwa kuwa mtoto mwenye akili. Mimi roho iliniuma, nikamwambia tusubiri. Tusubiri nini, akaniuliza. Tulichokuwa tunakisubiri wote kilikuwa kimoja.

Fundi alitoka Nyegezi, mtu mpole, hana makosa. Vyombo vyote tulivitoa uani, na kiti cha baba kikafunikwa turubai pamoja na makochi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuigonga sakafu ya zamani kwa nyundo na tindo, ikwaruzike, ili udongo mpya wa saruji upate pa kushika. Baba alilala akisikiliza sakafu yake ikichimbwa. Nililowesha khanga nikaitundika mlangoni kwake izuie vumbi, akakohoa vilevile. Nilimdanganya kwamba tunairembesha nyumba kidogo tu.

Aliuliza kama ni malumalu. Ndivyo anavyotamka, na wazee wengi wa huku. Nikasema ndiyo. Akauliza rangi gani, nikamwambia krimu. Akafikiri, akasema zitaonyesha uchafu. Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia mpaka sufuria ikaungua.

Marumaru zikaanza kutandazwa kuanzia dirishani kurudi mlangoni. Fundi alizipanga kwa uzi, akizigonga kwa mpini wa nyundo, akiinama kusikiliza kama kuna iliyoacha uwazi chini. Ni kazi ya taratibu. Sisi tulipita mlango wa jikoni, na kila asubuhi baba aliniuliza kama kiti kimerudi. Kumtoa nje hakukusaidia, huko mawe yanaziba ziwa lote. Nilisema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Nilianza kulichukia hilo neno mdomoni mwangu.

Siku fundi alipomaliza kujaza saruji nyeupe kwenye nafasi za katikati, alituambia asikanyage mtu mpaka kesho yake, zitaachia. Jua lilikuwa kali sana, ziwa linameremeta. Nilipoingia kwa baba na uji aliusogeza pembeni, akanishika mkono. Aliniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao.

"Mayu, mwambie kaka yako nataka kukaa pale kidogo, kabla wageni hawajaja."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeomba kupishwa kidogo. Kumbe alijua tangu nyundo ya kwanza, na sisi tulikuwa tunamzunguka na vijimaneno vyetu vya kurembesha nyumba.

Nilitoka nikamwambia kaka. Alijifunika uso, akasema fundi amesema kesho. Nikamwambia ziachie! Zipasuke zote, nambeba, na atakayenizuia anizuie. Nilirudi chumbani, nikamwingizia baba mikono chini ya mgongo. Aliyenizuia alikuwa yeye.

"Acha," alisema. "Usiharibu kazi ya mtu. Kesho."

Alikata roho asubuhi, kivuko hakijapiga honi, uso wake umeelekea kwenye lile jiwe.

Wageni wakaja. Wanawake walitandika mikeka sebuleni wakakaa, wakaniambia pole, na wengine wakapapasa sakafu wakasema mmejitahidi, nyumba imependeza. Niliitikia kwa kichwa. Nilitamani kuwafukuza wote na mikeka yao. Jeneza lilipoletwa niliwaamuru wabebaji walisogeze mpaka dirishani, wakanitazama kama nimechanganyikiwa, lakini walilisogeza. Viatu vyao vilikuwa na matope. Kweli, zinaonyesha uchafu.

Tulikwenda kumzika kwao, ng'ambo, upande wa Sengerema. Tulivuka na kivuko chake, na kilichelewa.

Watu walipotawanyika na kaka amerudi Dar, fundi alikuja kunipa pole. Tukiwa tumesimama sebuleni aliinama, akagonga moja moja kwa kidole kilichokunjwa, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Akaridhika. Nikamuuliza, bila kujua kwa nini naukuna mwiba, ingekuwaje kama mtu angezikanyaga siku ile ile.

"Kwa jua lile, dada? Mchana zilikuwa zimeshashika. Mimi nawaambia kesho kwa sababu watu hawana subira."

Nilimshukuru. Nikamletea chai, akanywa, akaondoka. Kaka anapiga simu kuniambia nikiingize kiti ndani, mvua itakiharibu. Kiko uani bado, chini ya turubai. Sikiingizi.