Sahihi ya Baba

Kila nikishika kalamu hunijia siku moja ya likizo, Pangani, baba yangu amekaa sebuleni na kanzu iliyopigwa pasi, mbele yake kalamu ya tete aliyoichonga asubuhi ile ile. Mwanangu, usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka michache tu, na mwenyewe bado nanyonyesha. Lakini aliyeungua haulizwi umri, huulizwa moto uko wapi.

Juzi ulikuja kwangu kutoka Ushongo na fomu ya chuo mkononi, ukaniambia, "Dada, nitilie wewe sahihi ya baba. Yeye hajui kuandika, atanitia aibu kwa dole gumba lake." Nilikufukuza, tena kwa maneno mabaya, hata mtoto akaamka akalia. Hasira ile hukuistahili wewe. Soma hapa ujue ni ya nani.

Nilikuwa darasa la kumi na mbili, shule ya bweni ya wasichana huko bara. Chuo kikuu kilikuwa kile kile kimoja cha Afrika Mashariki nzima, kule Uganda, na kwetu Tanganyika mlango wake ulikuwa fomu hiyo hiyo uliyoniletea. Fomu za shule zote zilikusanywa Dar es Salaam, wakubwa wakakaa wakapanga nani aende na akasome nini. Unaandika masomo matatu, unaanza na unalolipenda zaidi. Mimi niliandika ualimu kwanza, udaktari pili, na kilimo tatu, ili tu nafasi isibaki wazi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa sahihi ya baba au mlezi.

Mstari ule ndio ulioniua.

Rafiki yangu Eliza, Mlutheri wa Lushoto, baba yake alikuwa mwalimu, na sahihi yake ilikuwa na mkia uliojikunja kama wa kinyonga. Wasichana wakaipokezana bwenini wakiisifu. Mmoja akaniuliza, "Na babako, Mwanahawa, yeye anasaini vipi?" Nikajifanya natafuta kiatu.

Baba yangu alikuwa mkulima wa minazi Mwera. Kuandika alijua, tena sana. Hati za ndoa, wosia, barua za wenye jamaa Mombasa, zote za mtaani kwetu zilipita mkononi mwake. Lakini aliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Za Kizungu hakujua hata moja. Na mimi niliyefundishwa alifu na mkono huo huo, mimi niliyekuwa nikimwandikia barua kwa herufi hizo hizo, nikamtia katika wasiojua kusoma.

Baba huyu ndiye aliyesimangwa kwa ajili yangu. Shangazi alimwambia barazani, watu wanasikia, "Mtoto wa kike unampeleka bara! Akirudi atakupikia vitabu?" Baba akamjibu, "Akivipika vikaiva, nitakula."

Basi siku ile ya likizo alikuwa amejitayarisha. Nilikuwa nimemtajia ile sahihi katika barua kabla sijaiona ya baba yake Eliza. "Ilete hiyo karatasi," akasema. Nikamwambia haina haja, imeshatiwa shuleni.

"Bila mimi?"

"Ndiyo, baba. Utaratibu umebadilika."

Akaifuta kalamu kwa kitambaa, akairudisha ndani ya kibweta chake. Fomu ilikuwa sandukuni mwangu, hatua tano tu kutoka alipokaa. Alipokwenda msikitini adhuhuri, nikaliandika jina lake kwa herufi za Kizungu, nikalitia na mkia.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Dar es Salaam ikageuka. Huko mtu aliona mwandiko wa juu na wa chini ni ndugu. Barua ikaja kwamba mzazi afike ofisi ya elimu Tanga, pamoja na mwombaji. Nilimsomea baba barua ile nikiruka mistari, naye akadhani anaitwa kuheshimiwa. Akavaa kanzu ile ile, akachukua na kibweta kwapani. Ee Mola, kile kibweta.

Karani, kijana tu, alimwamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akamsogezea fomu. "Hii sahihi ni yako?"

Baba akaitazama sana. Kuisoma hakuweza, lakini mwandiko wangu ameuona kwenye madaftari tangu nikiwa mdogo. Nilijua ameujua. Nikaomba moyoni aseme ndiyo. Neno moja tu, na chuo ni changu. Nilikuwa namwomba mtu anayeandika wosia za watu ashuhudie uongo.

"Hii siijui," akasema.

"Basi tia dole hapa, mzee, tulinganishe."

"Dole la nini? Kalamu ninayo."

Akafungua kibweta. Akaandika taratibu jina lake, la baba yake, la babu yake. Karani akaipindua karatasi juu chini. "Mzee, mbona umeanzia mwisho?"

"Nimeanzia walipoanzia babu zangu, bwana mdogo. Pindua shingo, si karatasi."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Bwana Elimu, mkubwa wa ofisi ile, akatoka chumbani mwake, akaiangalia sahihi ile, akafungua kabati akatoa fomu mbili za waombaji wengine wa pwani hii. Chini ya zote mbili palikuwa na herufi za Kiarabu.

"Hizi tunazipokea," akaniambia mimi, si baba. "Hata dole tunalipokea. Tusichokipokea ni hiki." Akaikunja yangu. Jina langu likafutwa, na aliyefutwa kwa uongo haombi mara ya pili.

Tukiwa njiani kurudi baba alisema mara moja tu. "Nilidhani nimekupeleka shule ukaongeze herufi juu ya zile nilizokupa. Kumbe ulikwenda kuzifuta." Angenichapa ningeshukuru.

Mwaka uliofuata niliolewa. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi ni mjukuu wa baba, na ana meno mawili. Kila Ijumaa baba huja kumtazama, hukaa naye uani, humshika kidole akamchorea alifu mchangani kama alivyonichorea mimi. Nami huinama nikakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Sasa wewe. Ulikimbia ukaisahau fomu yako. Hii hapa nimeikunjia ndani ya barua hii. Masomo chagua unayoyapenda wewe, usichague la kujaza nafasi. Mstari wa chini sikuugusa. Baba yako akirudi kutoka pwani, mpe maji anawe magamba ya samaki, ukishike kidole chake gumba wewe mwenyewe, umwambie, "Hapa, baba." Mbele ya watu, si chumbani. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi nimeuonja utumwa huo, mchungu.

Mwenyezi Mungu akupitishe mlango ulionifungikia mimi, uingie na jina la baba yako likiwa zima, na mwanangu akikua akukute wewe ndiye mwalimu wake. Amina.