Aya ya Tano ya Namba Kumi na Saba

Katibu wa idara yetu chuoni, mwanamama, tulimwita Makufuli, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuchapa mitihani ya mwisho ya wanafunzi wa Kiingereza na Tafsiri, kuitoa fotokopi, kuitia kwenye bahasha na kuzipiga lakiri. Msimu huo ukifika, haamini hata kivuli chake. Mimi ni mhudumu wa usafi kwenye ghorofa hiyo hiyo, mwaka wa kumi na nne sasa, na kila jioni ya mitihani alinisimamisha mlangoni akapekua ndoo yangu. Dekio aliliinua kwa vidole viwili, akalitazama juu chini. Kapu lake la taka sikuruhusiwa kuligusa. Karatasi zangu zilizoharibika nitazisaga mwenyewe kwenye mashine, ndivyo alivyosema.

Mwaka jana binti wa marehemu mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu darasa la pili, alikuwa anamaliza chuo katika idara ile ile. Makufuli aliogopa maneno ya watu kiasi kwamba mwezi mzima kabla ya mitihani alimhamishia kwa rafiki yake. Walikuwa wanaonana getini tu. Anampa nauli, anampa na furushi la karatasi zilizochapwa upande mmoja, afanyie mazoezi upande wa pili.

Mtihani wa tafsiri ulifanyika Jumatatu. Alhamisi mhadhiri aliyekuwa akisahihisha alikuja ofisini uso umemsawijika. Wanafunzi walipewa habari ya Kiingereza ya fundi aliyekwama ndani ya lifti aliyoitengeneza mwenyewe. Awali ilikuwa na aya tano, lakini mhadhiri aliona muda hautatosha, akaagiza ya tano ikatwe kabla ya fotokopi. Karatasi ya mtihani ilikuwa na aya nne. Namba kumi na saba alikuwa ametafsiri tano.

Kwenye vijitabu vya majibu hakuna jina, ni namba tu. Mkuu wa idara akaitisha kikao, na mimi nikaitwa. Makufuli hakusubiri kuulizwa. Alisema ofisi ile wanaingia watu wawili tu, yeye na mimi, na yeye anajijua. Damu ilinichemka. Nikawaambia Kiingereza mimi sikijui, hata hiyo lifti ya humu naipanda kwa kuhesabu vitufe. Mhadhiri akajibu kwamba mwenye kuiuza karatasi ya mtihani hana haja ya kuisoma. Hapo nikajua kazi yangu imeota mbawa.

Mkuu akafungua daftari la namba na majina. Alisoma mstari mmoja, akaligeuza upande wa Makufuli. Makufuli akatazama, akakaa chini.

Binti akaitwa. Aliingia bila wasiwasi, na hilo likanitia shaka zaidi. Alipoulizwa kama habari ile aliwahi kuiona, alikubali mara moja. Aliikuta kwenye karatasi za mazoezi, akadhani ni mtihani wa miaka ya nyuma, akaitafsiri mara tatu. Siku ya mtihani alipoiona alifurahi, akaandika kwa kichwa mpaka mwisho bila kugundua kwamba aya ya tano haimo. Mkuu akauliza karatasi hizo alizitoa wapi. Binti akageuka.

"Mama mkubwa, si zile ulizonipa wewe?"

Nilimkazia macho Makufuli. Moyoni nilikuwa na hakika atamkana. Aseme tu kwamba mtoto anadanganya, basi mtoto anafukuzwa chuo, yeye anabaki na meza yake, na mimi ndiye mwizi. Makufuli akainuka kitini.

"Za kusaga na za mazoezi nilizitenga peke yangu," akasema taratibu. "Huyu mtoto hajui kitu. Na huyu mama hajui kitu. Niandikeni mimi."

Nilitafuta hila kwenye maneno yale, sikuiona.

Alihamishiwa stoo ya viti, ng'ambo ya uzio, akakatazwa kukanyaga jengo letu. Binti alifutiwa mtihani ule, akapewa mwingine baada ya wiki sita. Akianguka huo, miaka yake yote ya chuo imekwenda na maji. Mimi hakuna aliyeniomba radhi.

Asubuhi ya mtihani wa marudio nilikuwa nadeki korido, nikamwona Makufuli amesimama nje ya uzio. Akaniita kwa mkono. Nikaenda shingo upande.

"Dada, anaandika?"

Nilitaka nimwache hapo ateseke, kama alivyonitesa. Lakini nilirudi, nikachungulia dirishani. Binti alikuwa ameinama, kalamu inakwenda. Nikamrudia, nikamwambia anaandika.

"Kweli? Hunidanganyi?"

Alikuwa ameushika uzio kwa mikono miwili. Nikarudi kuchungulia mara ya pili.