Jasho la Jembe

Kina mama wenzangu, wakati mnasubiri zamu ya kupima watoto kwenye mizani hapa kliniki, niwape yangu. Sisi ni watu wa hapa hapa Mwamkulu, tunalima na kufuga. Miaka ile ya tisini tulikuwa bado wageni, tumeshuka na ng'ombe kutoka Shinyanga, na kwetu anayesifiwa ni mmoja tu: mchapakazi.

Basi nikajifungua mtoto wa kiume. Akishika ziwa, jasho hilo! Linamtiririka kichwani mpaka kanga yangu inalowa. Baba mkwe alifurahi kweli. "Aisee, huyu ni jembe! Ananyonya kama analima!" Jina likamganda. Majirani walikuja kumwangalia Jembe akitoka jasho, na mimi mama mtu kichwa kikavimba.

Lakini Jembe haongezeki. Anavuta mara chache, anaachia, anahema mbavu zinaingia ndani. Nikimwekea mkono kifuani nasikia mtetemo, kama paka anayekoroma. Hapo nikaanza kuogopa.

Mjini Mpanda daktari alimsikiliza kifua mpaka miguu ikaniuma kwa kusimama. "Mama, hilo jasho si sifa. Mtoto anachoka. Kuna mshipa karibu na moyo, ulitakiwa ujifunge baada ya kuzaliwa. Wake umebaki wazi. Usipofungwa, tutampoteza."

Nililia mbele za watu, sikujali. Baba mkwe, aliyetusindikiza, akasema, "Mkamwana, mpeleke. Ng'ombe nitauza mimi. Jembe lenyewe halijalima bado!"

Tukapanda treni, tukapitia Tabora, hadi Dar es Salaam. Madaktari wa huko wakampasua ubavuni, wakaufunga ule mshipa. Siku aliyorudishiwa ziwa nilimpapasa kichwa: kikavu kabisa! Tena ananyonya, hataki kuachia. Nilicheka mpaka nesi akaja. "Mama, vipi tena?"

"Hatoki jasho, nesi! Kumbe mvivu huyu!"

Namshukuru Mungu, na mikono ya wale madaktari. Nyie, mtoto akilowa jasho ziwani msimsifie. Mleteni asikilizwe.

Jembe sasa ni baba wa watu. Juzi nimemkuta kwenye jaruba la mpunga, jasho linamvuja. Nikashtuka, mkono ukaenda wenyewe kifuani kwake.

"Mama, nalima," akasema, anacheka.

"Lima, mwanangu," nikamjibu. Lakini mkono sikuutoa haraka.