Nahodha Tuliyemzika Kabla ya Kumjua

Hii ni habari ya televisheni, lakini lazima nianze na mlango.

Mlango wa nyumba yetu ya Kambarage, mjini Shinyanga, ulikuwa mrefu kuliko milango yote ya mtaa. Majirani walitutania kwamba tunafuga twiga. Mimi niliamini fundi alikuwa amelewa alipopima. Cha ajabu ni kwamba kila nilipoupita, mama aliniambia, "Inama." Mimi ni mfupi, hata leo nikitaka kushusha sufuria rafuni napanda kigoda. Mama alisema hivyo hivyo, wakati mwingine bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipepeta. Nilipokuwa msichana nilibishana naye. Nilipoanza kazi ya ualimu nikaacha kubishana, nikawa napita wima, naye akaendelea kusema.

Jambo la pili ni baba. Baba nilikijua kifo chake tu. Alikuwa dereva wa lori la pamba, akarudi safari na homa, akalazwa, hakutoka. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Picha yake haikuwepo. Kila nilipomuuliza mama, alianzia pale pale kwenye homa na kuishia kaburini: nani alichimba, nani alilia mpaka akazimia, mvua ilivyotunyeshea njiani. Lakini alicheka vipi? Alipenda kula nini? Nikiuliza hayo, mama alitafuta kazi ya mikono. Ilinikera mno. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, na sikuwa na baba hata wa kusimuliwa.

Sasa televisheni.

Mdogo wake mama, yaani mjomba wangu, alikuwa fundi umeme. Miaka ya themanini ikiwa imefika katikati, alirudi kutoka upande wa Geita na televisheni, deki ya video na katoni moja ya mikanda. Vyote alivipata kwa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Mtaa mzima ulikuja kumcheka. Tanzania Bara yote haikuwa na kituo cha televisheni, na huyu bwana amebeba televisheni! Walisema amenunua tandiko na punda hana. Mjomba alichomeka waya, akasukuma mkanda ndani ya deki, na sebuleni kwetu, juu ya kabati la vyombo, kikatokea chombo kikubwa kinaelea katikati ya nyota.

Nilipiga kelele. Mwalimu mzima, nilipiga kelele mpaka mama akaja mbio na mwiko mkononi.

Ilikuwa tamthilia ndefu ya watu wanaosafiri angani, kutoka sayari hadi sayari, wakitafuta pa kuishi. Mikanda yote ya katoni ilikuwa ya tamthilia hiyo. Nahodha wao alikuwa mzee wa mvi, mwenye kovu shavuni na sauti ya upole. Alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyetueleza maana yake. Kila alipotaka kuingia chumba cha mitambo, kwanza aliugusa ukingo wa juu wa mlango kwa vidole viwili, akatabasamu, ndipo akapita. Sisi tulidhani ni namna yao ya kusali.

Tulionyesha Jumapili mchana, baada ya misa, kabati na televisheni yake tumevitoa uani kivulini. Watu walikuja na vigoda vyao na michembe ya kutafuna, ile mikavu ya viazi inayolia mdomoni kama kokoto. Mimi nilisimama kando ya kioo na fimbo yangu ya darasani, nikitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili. Mama alikaa katikati ya umati, akakipokea Kiswahili changu na kukipeleka nyuma kwa Kisukuma, walikokaa bibi zetu waliotoka vijijini. Alikuwa mkalimani wa kuongeza chumvi. Nahodha akisema "tugeuke," kule nyuma ilifika kwamba watoto wangu, mifugo imechoka, maji yako mbali, turudi tulikotoka kabla jua halijatuua. Bibi waliitikia kwa kuguna. Nilimkaripia, "Mama, hakusema hivyo!" Akanijibu, "Alitaka kusema hivyo. Wewe endelea."

Jamani, tulifurahi! Nilifundisha hesabu Jumatatu mpaka Ijumaa na kichwa changu kiko kwenye nyota. Mama, ambaye tangu nipate akili sikuwahi kumwona akikimbilia kitu chochote, alikuwa akitoka kanisani mbele ya watu wote ili akapange mikeka.

Kisha nahodha akafa. Katika mkanda wa mwisho chombo kiliharibika, na yeye akabaki nyuma kushikilia mtambo ili wenzake watoke salama. Nilitafsiri mpaka neno lake la mwisho. Mama hakutafsiri tena. Alisimama, akaitoa khanga begani akaifunga kiunoni, akamwambia mjomba azime. Mjomba akazima. Mama akaifunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma, akaketi chini kwenye mkeka, na wanawake wote wakaketi.

Nilidhani ni utani. Kesho yake nilirudi kutoka shule nikakuta kuni zimeletwa, na jirani mmoja anasonga ugali uani. Waliokuwa wakicheka walikuwa wanacheka, lakini hakuna aliyeondoka. Ukimzoea mtu Jumapili hadi Jumapili, akifa unafanyaje? Tulikaa matanga ya mtu wa kwenye kioo, na matanga yalipoanuliwa mama akatamka kwamba nahodha amezikwa, na mambo yake yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mjomba, katika kupanga mikanda, aliona kwenye majalada kwamba wetu wa kwanza ulikuwa wa msimu wa sita, uliotengenezwa miaka ishirini baada ya ule wa kwanza. Misimu mitano ya zamani hatukuwa nayo! Akakumbuka kwamba mhandisi alikuwa na katoni nyingine, na kwamba ilichukuliwa na mnunuzi mmoja wa dhahabu kule Kharumwa, mwenye jenereta, anayewaonyesha wachimbaji wakitoka kwenye maduara yao, yale mashimo wanayoingia kwa kamba. Mjomba akatuma salamu kwa dereva wa lori. Jibu likaja kwamba yule bwana naye halali kwa hamu: ana mwanzo na hana mwisho. Atakuja mwenyewe Jumapili na katoni yake, tubadilishane.

Nilirukaruka jikoni. Mama akaendelea kupepeta.

"Mimi sitakaa," alisema. "Na nyie msikae."

"Kwa nini, mama?"

"Aliyezikwa haitwi. Unamtoa mtu kaburini umtazame anavyotembea? Ili iweje?"

"Mama, ni mikanda tu ya zamani."

"Ndiyo maana nakwambia. Ya zamani iache."

Nikajua hatuzungumzii nahodha peke yake. Hasira ilinipanda, nikatoka nje kabla sijamvunjia heshima. Maana kama mama angekataa hata ujana wa mzungu wa kwenye kioo, basi ule wa baba yangu ningeutumainia vipi? Nilijiambia kwamba Jumapili ile mama akiingia chumbani na kufunga mlango, sitamuuliza habari za baba tena maishani.

Jumapili ikafika. Uani palijaa kuliko siku zote. Mama alikuwa amevaa khanga yake kuukuu, ya mtu anayekwenda kujifungia chumbani. Gari likasimama, akashuka mtu mnene mwenye kofia ya pama, katoni kaibeba mwenyewe kifuani, hataki kusaidiwa. Mjomba alikuwa ametuonya sote: mgeni hajui kama nahodha amekufa, asiyefunga mdomo atatoka nje.

Onyo lile lilimfikia kila mtu. Lakini mama alilelewa Ushirombo, na mtu wa kule hawezi kumpokea mgeni wa msiba kwa habari za barabara.

"Shikamoo mama," alisema mgeni.

"Marahaba, baba. Pole na msiba."

"Dada!" mjomba alipiga ukelele. Alikuwa amechelewa.

Mgeni akaiweka katoni chini. "Msiba? Nani tena?"

"Nahodha," mama alisema. "Tumeshamzika."

"Haiwezekani!" Yule bwana alivua kofia. "Mimi nimemwacha Kharumwa mzima kabisa!"

Uani watu waliangua kicheko, wengine wakalala chini. Mama hakucheka. Alimvutia mgeni kigoda, akakaa mbele yake, akamsimulia kifo chote kama inavyopasa kumsimulia ndugu aliyekuwa mbali: chombo kilivyoharibika, maneno ya mwisho, nani alilia. Niliijua sauti ile na mpangilio ule. Ndivyo alivyonisimulia baba. Mgeni alisikiliza akiizungusha kofia mikononi, na mama alipomaliza, aliguna.

"Wabeja, mayu," alishukuru. "Sasa historia ya marehemu alisoma nani?"

Mama akaanza kuikunja ncha ya khanga yake.

"Maana nyie mlimkuta mzee," mgeni akaendelea. "Mimi ndiye niliyemjua kijana. Hana kovu. Hana adabu! Anagombana na kila mtu. Hamkunisubiri, mkamzika bila kusomewa historia yake?"

Kwetu hilo ni aibu. Hata mwizi, kabla hajashushwa kaburini, anasimama mtu kusema alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani. Bibi mmoja kule nyuma alisema kwa Kisukuma kwamba mgeni amesema kweli. Mwingine akaunga mkono. Mama aliniangalia mimi. Mpaka leo sijui aliona nini usoni pangu. Aliingia chumbani, na moyo wangu ukaingia naye. Akatoka na khanga mpya.

"Haya," alisema. "Isomwe."

Mjomba alisukuma mkanda wa msimu wa kwanza, na ikawa vigelegele. Haukuwa hata na rangi! Kila kitu cheupe na cheusi, kuta za chombo zinatikisika mtu akifunga mlango, na dude la kutisha lililotoka sayari ya kwanza lilikuwa na mshono mgongoni ambao jirani yetu mshona nguo alisimama kuukosoa kwa kidole. Tukacheka mpaka machozi. Halafu akatokea yeye, mwembamba, nywele tele, shavu laini.

"Huyooo!" watu wote walipiga kelele. Mgeni kutoka Kharumwa alisimama kupokea pongezi, utasema yeye ndiye aliyemzaa.

Nilitafsiri kwa kasi, mama akipeleka nyuma. Ilikuwa siku ya kwanza ya kijana yule kazini. Amechelewa, anakimbia kwenye korido, wakubwa wake wamejipanga wanamngoja katika chumba cha mitambo. Akaufikia mlango ule, ule wenyewe, akaingia bila kupunguza mwendo, na paji la uso likagonga ukingo wa juu kwa kishindo. Akakaa chini mbele ya wakubwa wote, miguu imetanuka.

Lo! Vidole viwili! Kumbe alikuwa akiukumbuka ule mlango miaka yote ile! Uani pakalipuka, watu wakashikana mikono, mjomba akapiga kabati kwa furaha. Nikageuka kumtazama mama.

Alikuwa anacheka. Si kicheko nilichokijua. Alikuwa amejishika mbavu, anacheka kwa sauti nyembamba ya msichana, na akasema kwa Kisukuma, akiwaambia bibi wa nyuma, "Huyu ni baba yake huyu! Ni yeye kabisa!" Kidole kilikuwa kinanionyesha mimi.

Mjomba akasimamisha mkanda. Hakuambiwa na mtu.

Mama akasimulia. Baba alikuwa mrefu kupita kiasi, na alipokwenda Ushirombo kujitambulisha ukweni, nyumba ya babu ilikuwa na mlango mfupi wa zamani. Alikuwa ameazima koti. Alikuwa amefundishwa maamkizi yote, jinsi ya kutomtazama mama mkwe, wapi pa kukaa. Mlango hakuna aliyemfundisha. Aligonga paji la uso akaanguka chali miguuni pa mama mkwe wake, ambaye hata kumkaribia hakuruhusiwa, na mama, aliyekuwa amefichwa jikoni kama mwali, akacheka mpaka akasikika ukumbini. Shangazi zake walimfinya.

"Alipoinuka hakuona haya," mama alisema. "Aliuliza, 'Huyo anayecheka ndiye niliyemfuata?' Tulipojenga hapa akamwambia fundi, mlango uwe mrefu, mimi nimeshachoka. Lakini mimi nilikuwa nimeshazoea. Kila akiingia namwambia inama, naye anainama, na urefu wote ule wa mlango."

Watu walicheka tena, na mgeni akauliza alikuwa anapenda kula nini, na mama akajibu. Mwingine akauliza kama alijua kuimba. Mama akasema hajui hata kidogo, lakini aliimba safari nzima. Chombo kilikuwa kimesimama kwenye kioo, kinatetemeka, na hakuna aliyekitazama. Nilikuwa bado nimeshika fimbo yangu mkononi, nalia na kucheka, na hapakuwa na kitu cha kutafsiri.

Jioni ile watu walipotawanyika nilibeba vigoda vyetu kuviingiza ndani. Mama alikuwa kwenye mkeka, anapepeta mchele wa kesho.

"Inama," alisema.

Nikainama.