Krispi za Mama na Karai la Jirani

Hakuna mtu Mkolani anayekaanga mboga kama mimi. Nina stashahada ya usindikaji wa vyakula niliyojilipia mwenyewe, na kwa miaka tisa nimefanya kazi kwenye majiko ya hoteli huko nchi za Ghuba, nikianza na kuosha masufuria hadi nikawa msimamizi wa zamu. Nyumba tunayokaa nimeijenga mimi, bila msaada wa mjomba wala shangazi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba kilichotokea hakikutokana na kutojua kazi.

Nilirudi kwa sababu ya mama. Mdogo wangu alizama ziwani akivua dagaa, na mwili haukuonekana. Wajomba walikuja kutoka Kagera wakataka tuzike shina la mgomba badala yake, kama tunavyofanya kwetu. Mama alikataa. Tangu hapo hakugusa samaki, wala chochote kilichopikwa kwenye chombo kilichowahi kutiwa samaki. Baadaye akaacha na nyama. Nilipofika nilimkuta amekonda, bangili yake inapanda mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na sufuria lake dogo alilolifungia kabatini, na humo alipika uji tu.

Daktari alisema bila chakula hatafika mbali. Nikamwambia daktari aniachie mimi.

Nilikata viazi vitamu vyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili, nikaviloweka vitoe wanga, nikavikausha kwa kitambaa. Bamia nilizipasua kwa urefu. Matembele niliyaanika kivulini hadi yakanyauka, maana jani lenye maji linakurushia mafuta usoni. Nilikaanga kidogo kidogo katika sufuria lake lile, nikanyunyiza chumvi, tangawizi ya unga na ndimu kavu iliyosagwa, kitu nilichojifunza kwa Waarabu. Nikaviacha vipoe wazi kwenye ungo, kwa sababu ukivifunika vikiwa vya moto vinalainika.

Mama alichukua jani moja, likalia mdomoni. Akachukua la pili. Akamaliza kisahani kizima, akaniuliza kama kuna kingine.

Alikula hivyo wiki mbili. Ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya kwa sala, na ni yeye mwenyewe aliyesema, "Wapikie hizo zako, baba. Waone."

Watu ishirini kwa sufuria dogo ni kazi ya kutwa nzima. Jirani yetu anayekaanga sangara barabarani alikuwa na karai kubwa. Nililiazima. Nililisugua kwa majivu, kwa sabuni, nikachemshia maji ya ndimu ndani yake mara tatu. Nikafungua dumu jipya la mafuta. Kitaalamu karai lilikuwa safi. Mama sikumwambia.

Baada ya sala nilipitisha sinia. Wamama walishangilia.

"Mwanaume anakaanga matembele! Huko ulikokuwa wanawake walikwisha?"

"Mwache, huyu amesoma. Wako amewahi kukukaangia hata yai?"

Walicheka, wakajaza viganja. Nilikuwa nawaeleza habari ya wanga nilipomwona mama amekishika kipande karibu na pua. Alikirudisha kwenye sinia taratibu, akafuta vidole kwenye khanga.

Wageni walipoondoka aliniita.

"Umekaangia kwenye nini?"

"Karai la jirani, mama. Lakini nimelisugua, nimelichemshia ndimu mara tatu, na mafuta ni mapya. Harufu haiwezi kubaki, hilo nimelisomea."

"Mdogo wako yumo mle majini, baba. Walio naye humo ndio wanaokaangwa kwenye karai hilo."

Nilikuwa na majibu mengi ya kisomi. Nikachukua sinia, nikaanza kukusanya makombo.

"Na wewe ulijua," akasema. "Ungekuwa hujui ungeniambia."

Alirudi kwenye uji. Nilinunua karai langu mwenyewe, nikampelekea likiwa bado na karatasi ya dukani. Alisema asante, akaniambia niliweke pale. Nilikaanga viazi, nikakaanga bamia, nikampelekea kwenye kisahani, na kila jioni nilikikuta vilevile, vipande vimenyonya unyevu wa ziwa na kulegea.

Siku hizi anakuja mwenyewe hadi mlango wa jikoni na kigoda chake. Anatazama dumu likifunguliwa, anatazama karai, anatazama mikono yangu. Nimepika mbele ya mameneja wakali kuliko wote na sikuwahi kurudia kuosha chombo. Mbele yake naliosha tena karai ambalo ni safi. Nikimpa kipande anakivunja katikati, ananusa nusu moja, halafu nyingine. Kuna siku anakula. Siku nyingi anazirudisha nusu zote mbili kwenye ungo, ananyanyua kigoda chake, anakwenda kukoroga uji.