Makohozi Safi ya Mama Ndeshau

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Bwana Mganga, Mwingereza aliyesimamia hospitali yetu ya Moshi, alinionyesha hadubini akasema, "Kazi yako kupima. Si kuongea na wagonjwa." Nikaitikia, "Ndiyo, Bwana." Lakini ulimi hauna mfupa.

Makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu tuliyapaka kwenye kioo, tukayatia rangi nyekundu na kuyapasha moto, tukayaosha kwa asidi, kisha tukatia rangi ya bluu. Vijidudu vya ugonjwa huo havioshiki. Hubaki vyekundu, vifupi kama vipande vya uzi. Tiba ilikuwa sindano za streptomaisini na dawa chungu ya unga iliyovuruga tumbo, kwa zaidi ya mwaka. Wengi walitoroka mara kikohozi kilipopungua.

Nikaanza kuwaita kwa siri wachungulie wenyewe. Aliyeviona vijidudu vyake hakukimbia tena sindano, nami nikavimba kichwa.

Mama Ndeshau wa Kirua Vunjo, mwenye watoto watatu, alichungulia akapiga kelele. "Yesu wangu! Hawa wote wamo kifuani mwangu?" Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya sindano.

Mwezi wa nne wa matibabu kioo chake kilikuwa cha bluu tupu. Nilimwita mbio. Alitazama muda mrefu.

"Sioni kitu, mwanangu. Basi nimepona?"

"Umepona, mama."

Nilijua fika kwamba kioo safi maana yake ni kwamba vijidudu havionekani tena kwenye makohozi, si kwamba vimekwisha kifuani. Furaha ilinitangulia. Kesho yake kitanda chake wodini kilikuwa kitupu. Kahawa ilikuwa imeiva kihambani kwake, shamba la nyumbani, na hakuna wa kuichuma. Mhudumu aliyetumwa kumrudisha alijibiwa, "Mwenye hadubini mwenyewe kaniambia nimepona."

Alirudi baada ya mavuno, amebebwa kwenye machela. Kioo kilijaa wekundu, na safari hii vijidudu vilikuwa vimeizoea dawa, sindano hazikufua dafu. Alifariki kabla ya masika.

Nilikwenda kwa Bwana Mganga nikamweleza yote. Hakufoka. "Sasa unajua kwa nini nilikukataza," alisema.

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani. Kosa langu halikuwa kuongea, bali kusema nusu. Hadi nilipostaafu niliendelea kuwaonyesha wagonjwa vioo, hata vilivyo safi, nikiwaambia, "Huoni kitu, nami sioni. Lakini wamo. Maliza dawa." Wengine walinicheka, wengi wakabaki.

Binti mkubwa wa Mama Ndeshau sasa anauza ndizi sokoni. Kila tukikutana hunishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba. Mama alikutaja hadi mwisho. Alisema hospitali nzima ni wewe tu uliyemwambia neno la kumfurahisha."

"Marahaba, mwanangu," namjibu, na ndizi zake nanunua. Mengine sijaweza kumwambia.